Tope la Gazi lina nguvu kiasi gani? Jinsi udongo laini wa pwani unavyopimwa

Na MWANDISHI WETU

MAJI ya bamvua yanapopwa katika ghuba ya Gazi, Msambweni, hubakia uwanda mpana wa tope la rangi ya majivu, uliotobolewa na mashimo ya kaa na kuzungukwa na mikoko. Mgeni anayeshuka kutoka kwenye njia ya mbao inayosimamiwa na kina mama wa kijiji hicho huzama hadi kifundoni, na akisita kuvuta mguu, huzama hadi gotini. Mvuvi mwenyeji hupita papo hapo bila wasiwasi, akikanyaga palipo na mizizi.

Wawili hao, pasipo kujua, wamekwisha kulipima tope. Mmoja amegundua kuwa halibebi uzito wake, na mwingine anajua ni wapi linaposhikwa na kitu kingine kikalibeba.

Wahandisi na wanasayansi wa bahari huuliza maswali mawili juu ya udongo laini wa namna hii. La kwanza ni: utabeba uzito gani kabla ya kukatika? La pili ni: utastahimili mwendo gani wa maji kabla ya kumomonyoka? Watu wengi hudhani kwamba maswali haya ni mamoja. Sivyo. Majibu yake hupatikana kwa vifaa tofauti na huandikwa kwa vipimo tofauti, na anayejenga, anayepanda au anayekata miti ufuoni bila kuyajua yote mawili anabahatisha mali yake na ya jirani zake.

Kwanza tueleze tope lenyewe limetoka wapi. Ufuo wa Diani, ulio kaskazini mwa Gazi, ni wa mchanga mweupe uliosagwa na mawimbi kutokana na matumbawe. Gazi, iliyo umbali wa kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa, ni ghuba iliyojificha nyuma ya miamba na hupokea maji ya mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji. Mito hiyo huteremsha chembechembe za udongo kutoka bara.

Chembe ya udongo wa mfinyanzi ni ndogo kiasi kwamba macho hayawezi kuiona, na ikiwa ndani ya maji matamu huweza kuelea kwa siku nyingi. Ikikutana na chumvi ya bahari, mambo hubadilika. Chumvi hupunguza ile hali ya chembe kusukumana, zikaanza kushikamana na kufanya mabonge madogo, na mabonge hayo huzama. Ndiyo maana tope hukusanyika pale mto unapoingia baharini, hasa panapokuwa na mizizi ya mikoko ya kupunguza kasi ya maji. Tope la mikoko basi si udongo mtupu. Ni mchanganyiko wa udongo laini, mchanga, mabaki ya majani na mizizi, na maji mengi.

Swali la kwanza, la kubeba uzito, lina kipimo cha mkono ambacho kila mwanafunzi wa uhandisi hufundishwa. Chukua bonge la udongo ulifumbate. Ukipenya katikati ya vidole, huo ni laini mno. Ukifinyangika kwa vidole bila kutumia nguvu, ni laini. Ukihitaji kubanwa sana ndipo ufinyangike, ni wa wastani. Usipofinyangika kabisa bali ukaacha alama ya kidole gumba tu, huo ni mgumu.

Mkono hutoa jina lakini hautoi nambari. Nambari hupatikana kwa kifaa cha mabapa. Hiki ni fito la chuma ambalo nchani mwake pana mabapa manne yaliyopangwa kama msalaba. Fito hushindiliwa ndani ya tope hadi kina kinachotakiwa, kisha huzungushwa polepole mno, digrii 6 hadi 12 tu kwa dakika. Tope hukaza, hukaza zaidi, na mwishowe hukatika kwa umbo la mkebe unaozunguka pamoja na mabapa. Nguvu ya kusokota iliyofikiwa wakati wa kukatika husomwa, na kutokana nayo hupigiwa hesabu ukinzani wa udongo ule.

Jibu huandikwa kwa kilopaskali. Kilopaskali 1 ni sawa na uzito wa kilo 100 hivi uliotandazwa juu ya mita moja ya mraba. Kwa kigezo kinachotumiwa na wahandisi wengi waliofundishwa kwa taratibu za Uingereza, udongo wenye ukinzani usiofikia kilopaskali 20 huitwa laini mno, na ule wa kati ya 20 na 40 huitwa laini.

Tumrudie mgeni wetu wa Gazi. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa miguu yote miwili huukandamiza udongo kwa kilopaskali 17 hivi. Akiinua mguu mmoja ili apige hatua, uzito wote huhamia kwenye unyayo mmoja na mkandamizo hufika kilopaskali 34. Kwa kanuni ya wahandisi, udongo wa mfinyanzi hubeba mkandamizo wa takriban mara tano ya ukinzani wake kabla ya kuachia. Tuseme basi tope lina ukinzani wa kilopaskali 5. Litabeba 25. Atasimama salama akiwa na miguu miwili, na atazama mara tu atakapopiga hatua.

Hesabu ni hiyo hiyo kwa nyumba, ila mhandisi hathubutu kuufikisha udongo kwenye ukingo wa kuachia. Huchukua kiwango hicho akakigawanya kwa tatu, ili pawepo na akiba ya usalama. Udongo wenye ukinzani wa kilopaskali 20, ambao ungeachia ukikandamizwa kwa 100, huruhusiwa kubebeshwa 33 tu. Ukuta wa mawe wenye msingi mwembamba huweza kuupita mkandamizo huo bila mwenye nyumba kushuku lolote, mpaka siku atakapoona nyufa zikipanda kutoka pembe za madirisha.

Kuna jambo jingine ambalo kifaa cha mabapa hulifichua. Baada ya tope kukatika, mpimaji huyazungusha mabapa haraka mara kadhaa ili kulivuruga, kisha hupima upya. Nambari ya pili huwa ndogo kuliko ya kwanza. Katika udongo mwingi wa kawaida, ule uliovurugwa hubaki na nusu au robo ya ukinzani wake wa awali. Chembe zilizokuwa zimejipanga na kushikamana kwa miaka mingi hutawanywa kwa dakika moja.

Nchini Norway, tabia hiyo imewahi kuleta maafa. Huko upo udongo uliotuama baharini zamani za barafu, ukainuka kuwa nchi kavu, na mvua ikauosha chumvi yake kidogo kidogo. Ukiwa umetulia hubeba nyumba na mashamba, ila ukivurugwa hutiririka kama uji. Mwezi wa Aprili 1978, kule Rissa, mkulima aliyekuwa akipanua ghala lake alichimba udongo na kuurundika kando ya ziwa. Ukingo uliachia, na zaidi ya mita za ujazo milioni 5 zikaporomoka pamoja na nyumba, na mtu mmoja akafa. Mnamo Desemba 30, 2020, maporomoko ya udongo wa aina hiyo huko Gjerdrum yaliwaua watu 10.

Udongo huo hupatikana katika nchi zilizowahi kufunikwa na barafu, na Kwale haimo. Hata hivyo funzo ni letu pia: nguvu ya udongo laini imo katika mpangilio wake, na mpangilio huo ukivunjwa haurudi kwa siku moja. Ndiyo maana sampuli inayopelekwa maabara huchukuliwa kwa bomba jembamba la chuma, ikazibwa pande zote mbili na kusafirishwa bila kutikiswa. Udongo uliochotwa kwa sepetu na kutiwa mfukoni hauwezi tena kutoa ushahidi wa nguvu uliyokuwa nayo ardhini.

Swali la pili ni la maji. Mwaka 1935, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, Filip Hjulström, alichora mchoro ambao hadi leo hufundishwa katika somo la jiografia. Ulionyesha jambo ambalo akili ya kawaida hulikataa: kinachobebwa na maji kwa urahisi zaidi ni mchanga, wala si udongo wa mfinyanzi, ingawa chembe za mfinyanzi ni ndogo mara nyingi zaidi. Kila punje ya mchanga iko peke yake, ilhali chembe za mfinyanzi zimeshikana, na maji hulazimika kuvunja mshikamano huo kwanza. Lakini mchoro ule ule unaonyesha upande wa pili. Mchanga ulioinuliwa hutua mara maji yanapotulia. Udongo wa mfinyanzi ukishainuliwa huendelea kuelea hata katika maji yanayokwenda polepole sana, na aghalabu hutoweka na maji yanapokupwa.

Kwa hiyo Diani na Gazi hupoteza ardhi kwa namna mbili tofauti. Mchanga wa Diani huenda na kurudi kwa majira ya kusi na kaskazi. Tope la Gazi ni gumu kulihamisha, lakini likishahama si rahisi kulirudisha.

Ni maji ya nguvu gani yanayoweza kulihamisha? Hapa kipimo si kilopaskali tena, bali paskali yenyewe, ambayo ni sehemu moja ya elfu. Paskali 1 ni sawa na uzito wa gramu 100 uliotandazwa juu ya mita nzima ya mraba. Tope jipya lililotuama juzi huweza kuanza kuondoka maji yanapolikwaruza kwa nguvu ya sehemu moja au mbili za kumi za paskali. Lililokaa na kujikaza huweza kustahimili paskali 1 au zaidi.

Msomaji atauliza: yawezekanaje tope linalobeba kilopaskali kadhaa lishindwe na nguvu ndogo kiasi hicho? Jibu ni kwamba mguu wa mtu hukata bonge zima kwa pamoja, lakini maji hayana haja ya kufanya hivyo. Huondoa chembe moja moja kutoka juu, mahali ambapo tope ni teketeke kuliko kwingine. Uso ukiondoka, mwingine hufunuliwa. Tena nguvu ya mkwaruzo hukua upesi kuliko mwendo: maji yakienda kwa kasi maradufu, hukwaruza kwa nguvu mara nne.

Kulipima hilo, wataalamu wana mbinu kadhaa. Moja hutumia chumba kidogo kinachobandikwa juu ya tope, kikajazwa maji, kisha mchirizi wa maji hurushwa chini kwa nguvu inayoongezwa hatua kwa hatua. Ndani mna taa na jicho la kupokea mwanga. Maji yanapokuwa safi mwanga hupita, na pindi tope linapoanza kuinuka mwanga hufifia. Nguvu ya mchirizi uliofifisha mwanga ndiyo kikomo cha uvumilivu wa tope hilo. Mbinu nyingine, iliyobuniwa Marekani na mhandisi Jean-Louis Briaud kwa ajili ya misingi ya madaraja, huingiza sampuli kwa chini ya mfereji wa maji na kupima huliwa milimita ngapi kwa saa.

Vipimo vya namna hii vilivyofanywa katika matope ya pwani mbalimbali duniani vimeonyesha kuwa mambo matatu huliongezea tope uvumilivu.

La kwanza ni muda. Tope likiachwa litulie, maji hubanwa nje polepole na chembe husogeleana. La pili ni utando. Viumbe vya kijani na vya rangi ya dhahabu, vidogo visivyoonekana kimoja kimoja, huishi juu ya tope na kutoa ute unaonata, ambao huzifunga chembe kama gundi. Utando huo ukikwanguliwa kwa nyayo au kwa ngalawa inayoburutwa, kinga hiyo huondoka.

La tatu ni mizizi. Hapa mwenyeji wa Kwale hahitaji mwalimu kutoka mbali, kwa kuwa nyumba ya kukandika humweleza yote. Udongo peke yake hukubali kukandamizwa lakini hukataa kuvutwa, na ukivutwa hupasuka. Fundi husimamisha boriti na kufunga fito, kisha hukandika, na ukuta husimama miaka mingi. Mizizi ya mkoko, mkandaa na mchu hufanya kazi ya fito ndani ya tope. Ile iliyo juu ya tope nayo huyapunguzia maji kasi kabla hayajagusa uso, na kwa kanuni ya mara nne tuliyoitaja, kupunguza kasi kwa nusu ni kupunguza mkwaruzo hadi robo.

Ni vyema hapa kuonya juu ya kifaa cha mabapa. Kikipita katikati ya mizizi husoma nambari kubwa, na asiyejua atadhani udongo ni imara. Alichopima ni mti. Mti huo ukifa, nambari hiyo hufa nao.

Je, mti ukiondolewa, tope hubadilika kwa kiasi gani? Swali hili lilijibiwa hapo hapo Gazi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina kituo chake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watafiti walichagua viwanja vidogo 10 katika msitu wa mikoko. Katika vitano, miti ilibanduliwa gome kuizunguka na baadaye ikakatwa. Vitano vingine viliachwa kama vilivyo. Kisha kimo cha uso wa tope kilipimwa kote.

Palipoachwa miti, uso ulipanda kwa wastani wa milimita 4.2 kwa mwaka. Palipokatwa, ulishuka kwa milimita 32.1 kwa mwaka. Watafiti waliona kuwa yumkini sababu ni mizizi iliyokufa kuoza na kuporomoka, na tope kujibana na kuzijaza nafasi zake. Kiasi cha hewa ya kaboni iliyotoka topeni nacho kiliongezeka.

Nambari hizo zilinganishwe na bahari. Jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, katika ripoti ya mwaka 2021, lilisema kina cha bahari duniani kilipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Maana yake ni kwamba katika viwanja vile, msitu uliosimama ulikuwa ukiinua ardhi yake sambamba na bahari inavyopanda. Uliokatwa ulishuka kwa mwaka mmoja kiasi ambacho bahari ingehitaji karibu miaka tisa kukifikia.

Gazi ilikuwa imekwisha kuonja hayo. Katika miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa kwa wingi ili iwe kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Sehemu nyingine zilibaki uwanda mtupu, na ilibidi kuanza kupandwa miti kwa mikono mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2013 ulianza mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo wakazi wa Gazi na Makongeni hutunza hekta 117 za msitu na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa humo, na mapato hugharimia mahitaji ya vijiji kama maji na shule. Mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Wakazi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, wamefuata nyayo hizo.

Aidha, isidhaniwe kuwa tope likizidi ndipo pwani hunufaika. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka mashamba ya bara hadi mlango wa mto Mwache, na mikoko ilikufa huko kwa kufukiwa mizizi inayopumulia. Udongo unaomomonyoka mlimani huja kuua kile kinachouzuia udongo wa ufuoni usimomonyoke. Kwa hiyo mkulima wa Kinango na mvuvi wa pwani wana shauri moja, hata kama hawajawahi kuonana.

Wajenzi nao hukutana na tope hilo hilo. Barabara ya Dongo Kundu, inayoiunganisha Mombasa bara na pwani ya kusini, huvuka vijito kwa madaraja marefu juu ya nguzo: la Mwache la mita 660 na la Mteza la mita 1,440. Tuta la kifusi lingeziba mikondo ya maji yanayojaa na kupwa, na uzito wake wote ungeangukia udongo wa chini. Anayekuta tope ana njia tatu kuu. Aliondoe, alipite kwa nguzo hadi ardhi ngumu, au alibebeshe uzito kidogo kidogo na kulingoja likamuke maji. Njia ya nne, ya kulifunika kwa kifusi na kujenga juu yake mara moja, ndiyo rahisi, na ndiyo inayoleta nyufa.

Mwananchi wa kawaida hana kifaa cha mabapa, lakini anaweza kuuliza. Anayenunua kiwanja kando ya kijito na aulize udongo ulipimwa hadi kina gani, na kama ulipimwa wakati wa masika au wakati wa kiangazi, kwa maana udongo wa mfinyanzi ulio kama jiwe mwezi wa Februari huweza kuwa uji mwezi wa Mei. Anayeambiwa kwamba kukata mikoko michache hakudhuru na aulize kilichoshikilia nambari ya ukinzani ni udongo au ni mizizi.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, wakimaanisha kwamba kazi ya kuufinyanga haingoji ukauke. Kwa tope la Gazi usemi huo una maana ya ziada. Liwahi lingali na miti yake, kwani vipimo vimekwisha kuonyesha jinsi linavyoondoka upesi likiachwa bila hiyo.